KIFUSI CHA BURE NA MIONZI YA ASILI

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa wahitimu, Lembeni



Kamati iliniomba niseme machache juu ya kazi niliyoifanya maishani, yaani kazi ya maabara ya udongo na mbolea. Waliniachia nichague habari yenyewe, nami nimechagua taka za viwandani zenye mionzi ya asili. Najua baadhi yenu mmekwisha kutazama saa. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu kabla sijamaliza nitalifikisha jambo hili kwenye bweni jipya ambalo habari zake tumesomewa leo asubuhi.

Kwanza yafaa tuondoe hofu isiyo na msingi. Hakuna udongo duniani usio na mionzi. Kilo moja ya udongo wa kawaida ina radiamu ya kiasi cha bekereli 35. Bekereli moja maana yake ni atomi moja kuvunjika kila sekunde na kutoa mionzi. Kila binadamu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, katika chakula na katika hewa anayovuta, na wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Milisiveti ni kipimo cha mionzi iliyompata mtu, kwa kadiri ya madhara inayoweza kumletea. Babu zetu waliishi nayo, na sisi tunaishi nayo hivi sasa tukiwa chini ya miti hii.

Shida huanza pale kazi ya binadamu inapoikusanya mionzi hiyo mahali pamoja. Hapa nitatoa mfano wa nyumbani. Milima yetu ya Ugweno ilisifika tangu zamani kwa uhunzi, na ukoo wa Washana ndio waliojua siri ya kuyeyusha chuma. Mhunzi alipokwisha kutoa chuma chake, yalibaki mavi ya chuma. Jembe lilikwenda sokoni, lakini mavi ya chuma yalibaki pale pale penye tanuri. Viwanda vyote ndivyo vilivyo: huchukua kile kinachotakiwa, na kile kisichotakiwa hubaki. Ikiwa jiwe lilikuwa na urani au radiamu kidogo ndani yake, haina budi kwenda upande mmoja, ama kwenye bidhaa ama kwenye taka. Haipotei wala haiungui motoni. Majivu ya makaa ya mawe, magamba yanayoganda ndani ya mabomba ya mafuta, na mabaki ya mbolea ya fosfeti, yote yana historia hiyo moja.

Mfano mkubwa wa nchi yetu ni Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, katika Wilaya ya Babati. Kilima kile kilijulikana thamani yake mwaka 1956, katika upimaji wa mionzi uliofanywa kwa ndege. Zingatieni jambo hilo, vijana: ni mionzi yake iliyokitambulisha kilima kile. Fosfeti ya Minjingu ni mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale, yaani mifupa na vinyesi vilivyorundikana kwa karne nyingi. Mifupa ina tabia ya kunasa urani iliyo ndani ya maji, na kwa hiyo mbolea na mionzi vililala kitanda kimoja.

Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1983 chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, na baadaye mgodi ukaingia mikononi mwa kampuni binafsi. Wataalamu wa Kitanzania waliupima, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Kilo moja ya fosfeti ilionekana kuwa na radiamu ya bekereli 5,760, na kilo moja ya mawe ya taka bekereli 4,250. Linganisheni na ile 35 niliyoitaja ya udongo wa kawaida. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huyahesabu mawe yanayofika bekereli 1,000 kwa kilo kuwa ni jambo la kusimamiwa. Kadhalika walipima mionzi hewani pale mgodini kwa miaka mitano, wakakuta wastani unaozidi mara 20 ule utokao katika ardhi ya kawaida.

Je, hiyo ni hatari kubwa kiasi gani? Tufanye hesabu. Mtu akifanya kazi mahali kama pale saa 2,000 kwa mwaka, mionzi ya hewani peke yake humwongezea kama milisiveti 2. Kiwango kinachokubaliwa kwa mwananchi wa kawaida, juu ya ile ya asili, ni milisiveti 1 kwa mwaka. Mfanyakazi anayesimamiwa na kupimwa huruhusiwa wastani wa 20. Kwa hiyo si jambo la kumfanya mtu akimbie akiacha viatu, wala si jambo la kupuuza. Na hesabu hiyo haikuingiza vumbi wala gesi.

Huenda mtu akauliza: Minjingu iko mbali, zaidi ya kilomita 200, sasa Lembeni inaingiaje? Inaingia kwa njia. Mwaka 1972 kilianzishwa Kiwanda cha Mbolea cha Tanga, kikafanya kazi hadi kiliposimama mwaka 1991, na fosfeti ya Minjingu ilikuwa miongoni mwa malighafi zake. Sote tunajua kwamba atokaye Arusha kwenda Tanga, awe kwa reli au kwa barabara, lazima apite chini ya milima hii. Wakati huo tuliona taifa likijenga viwanda, na ilikuwa haki yetu kuona fahari. Lakini kiwanda cha namna ile humwaga asidi kali juu ya fosfeti ili kupata asidi ya fosforasi, na pembeni hubaki jasi nyingi: kwa kila tani moja ya fosforasi inayopatikana katika asidi hiyo, kwa vipimo vya kiwandani, jasi hufika tani tano hivi. Urani kwa sehemu kubwa hufuata asidi. Radiamu kwa sehemu kubwa hubaki katika jasi.

Watu wa Same mnaifahamu jasi kutoka Makanya, ambako huchimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Hiyo ni jasi ya asili, na kwa kawaida jasi ya namna hiyo ina mionzi michache sana. Lakini jasi ya kiwanda cha mbolea, ukiitazama kwa macho, ni unga mweupe vile vile. Jicho haliwezi kuzitofautisha, wala pua, wala ulimi. Kipimo ndicho kinachotofautisha.

Sasa niseme jinsi madhara yanavyompata mtu, maana pana maneno mengi ya mitaani. Mionzi hii humfikia mtu kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutoka nje, kwa kukaa karibu na rundo kwa muda mrefu. Ukiondoka, inakoma; haikufuati nyumbani. Ya pili ni vumbi, linaloingia mapafuni na tumboni. Hili laweza kukufuata nyumbani katika nguo za kazi, na mama anayezifua au mtoto anayezikumbatia akalipata bila kufika mgodini. Ya tatu, nayo ndiyo inayosahauliwa, ni gesi ya radoni. Radiamu inapovunjika huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hupanda kutoka ardhini. Mahali pa wazi upepo huichukua. Ndani ya chumba kilichofungwa hujikusanya, na vizalia vyake hushika mapafu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba radoni huleta kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani zote za mapafu, kwa kutegemea nchi, na kwamba mvutaji wa sigara huathirika zaidi kuliko asiyevuta.

Saratani hiyo haiji kesho. Huchukua miaka mingi, na mgonjwa hawezi kukumbuka ni sakafu gani aliyolalia alipokuwa mtoto. Ndiyo maana hatuwezi kungoja wagonjwa ndipo tuchukue hatua. Kadhalika tusiisingizie mionzi kila ugonjwa. Yale meno ya kahawia ya watu wengi wa upande wa Arusha, kwa mfano, yanatokana na floraidi iliyo katika maji, si mionzi. Anayechanganya mambo haya humfanya mwananchi asiamini hata lile la kweli.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na ninyi wanafunzi naomba mchukue kalamu. Tuchukue mkulima wa Kisangara mwenye ekari moja ya mahindi. Anaweka mifuko miwili ya kilo 50 ya fosfeti ya Minjingu, yaani kilo 100. Kilo 100 mara bekereli 5,760 ni bekereli 576,000. Idadi hiyo inatisha. Lakini udongo wa ekari moja, kwa kina cha jembe cha sentimita 20, una uzito wa karibu kilo 1,000,000. Gawanyeni: kila kilo ya udongo imeongezewa bekereli 0.58 tu, juu ya 35 iliyokuwapo. Akifanya hivyo kila mwaka, itamchukua miaka 60 kuongeza kiasi kile kilichokuwamo tangu awali. Kwa hiyo mkulima asiitupe mbolea yake kwa hofu. Shamba lisilo na fosforasi huleta njaa, na njaa haingoji miaka 60. La muhimu kwake ni kufunika pua wakati wa kumwaga siku ya upepo, kunawa mikono, na kuuweka mfuko mbali na chumba cha kulala.

Sasa tuchukue mtu mwingine. Huyu hakununua mbolea. Ameambiwa kuna mawe ya taka yanayotolewa bure, akaleta lori moja la tani 10, akajaza msingi wa nyumba yake na kumwaga sakafu juu yake. Kilo 10,000 mara bekereli 4,250 ni bekereli 42,500,000. Zote hizo ziko chini ya kitanda, katika vyumba viwili au vitatu, na hazikuchanganywa na udongo wa ekari nzima. Tena huku tambarare tunalala na madirisha wazi kwa ajili ya joto, lakini kule juu Usangi na Ugweno, mwezi wa Julai, kila ufa huzibwa ili baridi isiingie. Kinachozuia baridi isiingie huzuia radoni isitoke. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Nyumba itaanguka, wajukuu watajenga nyingine juu ya msingi ule ule, na mawe yatakuwa bado hayajachoka.

Jiwe ni la aina moja katika habari hizi mbili. Shambani limetawanywa, ndani ya nyumba limekusanywa na kufungiwa pamoja na watu. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka muishike kuliko tarakimu zote nilizozitaja.

Msidhani natunga hadithi ya kutisha watoto. Katika mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado, Marekani, kulikuwa na kinu cha kusaga mawe ya urani. Mabaki yake yalikuwa mchanga laini unaopendeza, na tangu miaka ya 1950 mwanzoni hadi mwaka 1966 wajenzi na wananchi waliruhusiwa kuuchukua bure. Waliujaza katika misingi ya nyumba, chini ya njia za miguu, hata katika bustani. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lililazimika kupitisha sheria ya kugharamia kuuondoa, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi, ikagusa maelfu ya nyumba na viwanja. Mchanga uliochukuliwa bure ulirudishwa kwa gharama kubwa. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Na huko Huelva, nchini Hispania, viwanda vya mbolea vililundika jasi yao kando ya mji tangu mwaka 1968 hadi 2010. Leo rundo hilo linafunika kiasi cha hekta 1,200 na linakadiriwa kufika tani milioni 100, na ubishi juu ya nani alisafishe haujatulia. Ikiwa nchi zenye fedha na maabara kila mkoa zimeelemewa hivyo, sisi tunayo sababu ya kuwa waangalifu mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wa Upare hawakukosa elimu ya kusimamia kitu cha hatari na cha manufaa kwa wakati mmoja. Itazameni ndiva. Maji yaliyokusanywa mlimani humwagilia mashamba ya wengi, lakini ukingo ukipasuka hubomoa. Kwa sababu hiyo kila ndiva ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na siku za kuzibua tope, na ilijulikana ni nani anafungua na nani anafunga. Rundo la taka la kiwanda halina desturi kama hizo. Kiwanda kinapofanya kazi, lina mlinzi. Kiwanda kinapofungwa, mlinzi hulipwa mafao yake akaenda zake, ubao wa onyo huliwa na mchwa, na baada ya miaka 20 kijana asiyejua lolote hufika na koleo. Taka za mionzi zinahitaji kumbukumbu ndefu kuliko umri wa kampuni, na kumbukumbu hiyo haiwezi kuachiwa kampuni peke yake.

Sheria ipo. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kinga dhidi ya mionzi, iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Ile ya mwaka 2003 ikaanzisha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina maabara Arusha. Arusha si mbali. Basi la asubuhi hukufikisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini tume haiwezi kupima kifusi ambacho hakuna aliyeitaarifu.

Sasa nafika kwenye bweni. Tumesomewa taarifa kwamba fedha za mabati zinaendelea kukusanywa, na kwamba kifusi cha kujazia msingi kitatafutwa kwa njia ya kujitolea ili kupunguza gharama. Simshuku mtu yeyote, na sina habari ya kifusi chochote kibaya katika eneo hili. Ninasema tu kwamba vijana 80 watalala juu ya kifusi hicho, usiku baada ya usiku, kwa muda wa miaka minne kila mmoja, kisha watakuja wengine. Kwa hiyo naomba Kamati ya Ujenzi ikubali mambo matatu.

La kwanza, kila lori lije na jibu la swali moja: kifusi hiki kimetoka wapi? Udongo wa hapa hapa, mchanga wa mto wetu, mawe ya milimani kwetu, hayo tunayajua na tumeyajengea tangu zamani. Mabaki ya kiwanda chochote, mgodi wowote, au majivu ya tanuri lolote yasipokelewe mpaka yapimwe, hata kama mwenye lori ni ndugu yetu, hata kama ni mmoja wetu tuliokaa hapa. La pili, majibu hayo yaandikwe katika daftari na daftari likae ofisini kwa Mwalimu Mkuu, ili atakayekuja kubomoa au kupanua jengo mwaka 2070 asipige ramli. La tatu, madirisha ya bweni yawe mapana na yafunguke, na matundu ya hewa ya juu yasizibwe. Hilo ni jema hata kwa kifua kikuu, na halina gharama ya kutisha.

Nanyi wahitimu wenzangu mlio makandarasi, madiwani, na wenye malori, ombi hili ni lenu pia. Mtu anapokuambia "njoo uchukue, ni bure", muulize kwa nini yeye mwenyewe hakijazii msingi wake. Na ninyi mnaofanya kazi migodini na viwandani, nguo za kazi zifuliwe kazini, barakoa ivaliwe hata msimamizi asipokuwapo, na msivute sigara. Mwajiri asiyempima mfanyakazi wake anapaswa kukumbushwa kwa adabu, na kukumbushwa tena.

Ninyi vijana, neno langu la mwisho ni lenu. Wengi hapa mtafundishwa fizikia na jiografia kama masomo mawili yasiyojuana. Yaunganisheni. Klabu yenu ya sayansi ichore ramani ya kila shimo la mawe na kila rundo la taka kuanzia Kahe hadi Makanya, na kando ya kila alama muandike ni kitu gani, ni cha nani, na kilianza lini. Waulizeni wazee wa stesheni, waulizeni wachimbaji wa jasi, waulizeni mafundi uashi. Kazi hiyo haihitaji kifaa chochote isipokuwa miguu, daftari na heshima kwa wazee. Vifaa vya kupimia tunaweza kuvitafuta sisi wahitimu, na mimi nitaanza kuchangia leo kabla sijaondoka.